MAJUMBA MAWILI YALIYOBADILISHANA KAZI



Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Huku kwetu Thika na Ruiru methali hii imekuwa kama sheria ya mji. Duka la zamani lenye baraza na paa la bati likibomolewa, watu husimama kando ya barabara na kusema, "Sasa mji wetu unakua!" Hakuna anayeuliza duka lile lilikuwa la nani, liliuza nini, na kama lingeweza kupewa kazi nyingine badala ya nyundo. Hilo ndilo swali la makala haya: jengo la biashara likimaliza kazi yake ya kwanza, je, limekufa?

Jibu langu ni la. Jengo la mjini halidumu kwa sababu mawe yake ni magumu. Hudumu kwa sababu limepata kazi ya pili wakati ya kwanza imekwisha. Nitaeleza kwa mifano miwili iliyo katikati ya Nairobi, mji ambao sisi wa Thika hufika kwa safari ya kilomita 40 hivi. Kisha tutarudi nyumbani na kuona somo hili linatuhusu vipi.

1. MAMBO MATATU TUSIYACHANGANYE

Kabla ya kwenda mbali, tutenganishe mambo matatu ambayo watu wengi huyachanganya. Jengo linaweza kubadilisha mwenyewe. Linaweza kubadilisha umbo. Na linaweza kubadilisha kazi.

Mwenyewe akibadilika, pengine kinachobadilika ni kibao cha mlangoni tu. Muuza nguo akimuuzia muuza nguo mwenzake, wateja huenda wasitambue. Umbo likibadilika, kwa mfano likiongezwa ghorofa au madirisha ya vioo, macho yetu huona lakini kazi huenda ikabaki ile ile. Kazi ikibadilika ndipo watu wanaoingia mlangoni hubadilika. Yule aliyekuwa akija kutafuta pesa haji tena, na mahali pake anakuja anayetafuta kitu kingine kabisa. Mabadiliko ya aina hii ya tatu ndiyo tunayoyasoma leo.

2. JUMBA LA KWANZA: KUTOKA BENKI HADI KUMBUKUMBU

Karibu kila mtu aliyewahi kwenda Nairobi amesikia maneno haya: "Tukutane pale Archives." Ni jumba la mawe lenye nguzo nene, lililo kati ya barabara ya Moi Avenue na ile ya Tom Mboya. Upande mmoja kuna maofisi na hoteli, upande wa pili kuna kelele za matatu na manamba. Vijana husubiriana hapo, wageni kutoka mashambani huelekezwa hapo wasipotee. Lakini hebu jiulize: kati ya wote wanaosimama nje, wangapi wamewahi kuingia ndani?

Jumba hili lilijengwa katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 kwa ajili ya benki iliyoitwa National Bank of India. Benki hiyo ilianzia Kalkuta, India, katika miaka ya 1860, kisha makao yake makuu yakahamishiwa London. Ilifuata biashara mahali ilipokwenda. Ilifungua tawi Unguja mwaka wa 1892, Mombasa mwaka wa 1896, na Nairobi mwaka wa 1904. Tazama tarehe hizo vizuri. Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka wa 1899, na miaka mitano baadaye benki ikawa imeingia. Reli huleta mizigo, mizigo huleta maduka, maduka huleta pesa, na pesa hutafuta mahali penye kuta nene na mlango wa chuma.

Barabara iliyopita mbele ya jumba hilo iliitwa Government Road. Siku hizo mwananchi wa kawaida aliyelima kahawa au mkonge wa mzungu hapa Thika na Ruiru hakuwa na shughuli yoyote katika benki ile. Pesa zilizotokana na jasho lake zilipita humo, lakini yeye mwenyewe hakupita.

Benki ilibadilisha jina mara kadhaa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 iliungana na Grindlays, na mwaka wa 1970, serikali yetu ikiwa imechukua sehemu kubwa ya hisa, ikawa Kenya Commercial Bank, ile tunayoiita KCB. Mpaka hapo, mwanafunzi mwenzangu, ni mwenyewe tu aliyekuwa akibadilika. Kazi ilikuwa ile ile: kuweka na kutoa pesa.

Kazi yenyewe ilibadilika mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka wa 1965 Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kuanzisha idara ya kuhifadhi nyaraka za taifa. Idara hiyo ndiyo iliyohamia katika lile jumba la benki. Noti zikatoka, faili zikaingia. Humo sasa mna barua za maafisa wa kikoloni, ripoti za kila mwaka za wilaya, ramani, picha na magazeti ya zamani. Kwa kawaida, faili ya serikali ikitimiza miaka 30 mwananchi anaweza kuomba kuisoma.

Ghorofa ya chini ina mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya mwaka wa 1966. Mzee Murumbi, ambaye baba yake alikuwa Mgoa na mama yake Mmasai, alitumia miaka mingi kukusanya vinyago, vitambaa, mapambo, stempu na maelfu ya vitabu kuhusu Afrika. Alifariki mwaka wa 1990, lakini vitu vyake havikutawanyika.

Je, ni bahati tu kwamba benki iligeuka kuwa nyumba ya kumbukumbu? Mimi naona kazi hizi mbili ni ndugu. Zote mbili huhifadhi kitu ambacho watu hawataki kipotee. Zote zinahitaji kuta imara, milango michache na makarani waangalifu. Tunasema akiba haiozi. Benki ilitunza akiba ya pesa, na sasa jumba linatunza akiba ya habari. Hii ndiyo kanuni ya kwanza ya somo letu: kazi mpya hufaulu ikikubaliana na umbo la zamani.

3. JUMBA LA PILI: KUTOKA KIPANDE HADI BENKI

Sasa tutembee hadi Kenyatta Avenue, mwendo mfupi tu kwa miguu. Huko kuna jumba la mawe linaloitwa Kipande House. Lilijengwa mwaka wa 1913, na hapo awali lilitumika kama ghala la mizigo kwa kuwa reli ilipita karibu. Kwa miaka mingi lilihesabiwa kuwa kati ya majengo marefu zaidi Nairobi. Lakini jina lake halikutoka kwa mizigo. Lilitoka kwa watu.

Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaandikisha Waafrika mwaka wa 1915, ikaanza kuitekeleza baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kuanzia mwaka wa 1919. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba cheti chenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, na habari za kazi aliyoifanya na mwajiri wake. Cheti hicho ndicho kipande. Kilitiwa ndani ya kikopo cha chuma, na wengi walikivaa shingoni kwa kamba. Wazee wa Kikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Hilo jina peke yake ni somo zima la historia. Mtu hawezi kuita cheti chake kengele ya mbuzi kama anaona anaheshimiwa.

Kipande kilimfunga mtu kazini. Mfanyakazi akiondoka shambani bila mwajiri kutia sahihi, alionekana mtoro, na polisi wangeweza kumtafuta na kumrudisha. Mashamba ya mkonge na kahawa ya upande wetu yalitegemea vibarua waliobeba vipande hivyo. Harry Thuku na chama chake walipokipinga kipande pamoja na kodi, Thuku alikamatwa Machi 1922. Umati uliokuja Nairobi kudai aachiliwe ulipigwa risasi, na miongoni mwa waliokufa alikuwa mwanamke shujaa, Mary Muthoni Nyanjiru.

Nina umri wa miaka 16. Nimeusoma umri huo katika kitabu cha historia nikasimama kidogo. Kama ningezaliwa wakati ule, mwaka huu ndio ningepigishwa foleni, vidole vyangu vitiwe wino, nivishwe kikopo. Jumba la Kipande House ni moja ya mahali Waafrika walipoandikishwa namna hiyo.

Kipande cha shingoni kiliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1940, lakini jina la jumba lilibaki. Mwaka wa 1976 jumba likanunuliwa na KCB, na mpaka leo ni tawi la benki hiyo.

Msomaji, umeona kitu hapo? Rudi nyuma kidogo. National Bank of India ndiyo iliyozaa KCB. Kwa hiyo, katika miaka ile ile ya 1970, jumba la kwanza la benki liliingia makaratasi ya serikali, na jumba lililokuwa la makaratasi ya serikali likaingia benki, tena mrithi wa benki ile ile! Ni kama watu wawili waliokutana njiani wakabadilishana makoti, kila mmoja akaona koti la mwenzake linamkaa sawasawa.

4. KWA NINI TUSINGEBOMOA TU?

Kuna rafiki yangu darasani aliyenipinga vikali nilipomweleza habari hizi. Alisema, "Kwani lile jumba la kipande si la aibu? Lingebomolewa kitambo!" Hoja yake ina uzito, na sitaki kuipuuza. Lakini fikiria mambo mawili.

La kwanza, jumba likibomolewa, aibu haiondoki. Kinachoondoka ni ushahidi. Leo mtu anaingia Kipande House akiwa na kitambulisho chake mfukoni, anahudumiwa, anatoka na pesa zake. Mlango ambao babu yake aliingia kwa lazima, yeye anaingia kwa hiari. Tena bado watu wengi mtaani hukiita kitambulisho "kipande". Neno limebaki mdomoni, na jumba limebaki barabarani. Ukiyaweka pamoja, unaweza kumfundisha mtoto historia bila ubao wala chaki.

La pili, ushahidi una thamani kuliko tunavyodhani. Wazee wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza huko London kwa mateso ya miaka ya 1950, wanahistoria waliowasaidia walikuwa wamechimba katika faili, zikiwemo zile za jumba letu la Moi Avenue. Mwaka wa 2011 ikajulikana pia kwamba Waingereza walipoondoka mwaka wa 1963 walibeba faili nyingi na kuzificha kwao. Mwaka wa 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wazee 5,228. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba karatasi kuukuu ni za kufungia nyama tu. Kama karatasi hazina nguvu, mkoloni angezibebea nini?

5. TURUDI NYUMBANI

Sasa tuje Thika na Ruiru. Reli ya kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka wa 1913, mwaka ule ule wa jumba la Kipande. Ilifuata mkonge na kahawa, na maduka yakafuata reli. Maduka mengi ya Wahindi katika miji ya namna hii yalijengwa kwa mpango mmoja: duka mbele, baraza ya kumkinga mteja na mvua, stoo kando, na jamaa ya mwenye duka wakaishi nyuma au juu. Jengo moja lilikuwa biashara, ghala na nyumba kwa pamoja.

Tuna pia mfano wa jengo lililodumu bila kubadilisha kazi. Hoteli ya Blue Posts, iliyo kati ya maporomoko ya Chania na ya Thika, ilifunguliwa mwaka wa 1908 na mpaka leo ni hoteli. Wasafiri waliacha farasi wakaja na magari, lakini njaa ya msafiri ni ile ile. Pale ambapo kazi haijaisha, jengo halihitaji nyingine.

Lakini majengo mengi hayana bahati hiyo. Barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa na kufunguliwa rasmi Novemba 2012, safari ya Nairobi ikawa fupi. Watu wakafurika Ruiru, bei ya ploti ikapanda. Shamba la kahawa likawa mtaa wa nyumba za kupanga, na duka la ghorofa moja likaonekana ni hasara. Simlaumu mwenye duka. Ana watoto wa kusomesha kama wazazi wetu, na historia haimlipii kodi ya ardhi.

Hata hivyo kuna njia ya katikati, na watu wetu tayari wameigundua bila kufundishwa. Duka kubwa la zamani hugawanywa kwa mbao likawa vibanda vinane au kumi. Huku simu zinatengenezwa, kule nywele zinasukwa, kando mama anauza sare za shule, na fundi wa cherehani amekaa pale barazani. Wengine huona ni msongamano tu. Mimi naona ni jengo ambalo limepata kazi ya pili, na watu kumi wanalipata riziki humo mahali alipokuwa mmoja. Kuta ni zile zile, na baraza iliyomkinga mteja wa zamani inamkinga fundi wa leo.

Sheria pia ipo. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka wa 2006 inaruhusu jengo la kihistoria kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali ili lilindwe. Lakini serikali haiwezi kulinda jengo ambalo hakuna aliyeandika habari zake. Nairobi ina majumba yaliyoandikwa. Sisi tuna wazee wanaokumbuka, na kila mwaka wanapungua.

6. NAMNA YA KUCHUNGUZA JENGO LA MTAANI KWAKO

Kwa hiyo ninapendekeza zoezi kwa wanachama wote. Likizo hii, kila mmoja achague jengo moja kuukuu mjini Thika, Ruiru au njiani, kisha atafute majibu ya maswali haya:

(a) Lilijengwa kwa kazi gani, na ni kitu gani kwenye umbo lake kinachoonyesha kazi hiyo? Tazama milango, baraza, madirisha na stoo.

(b) Ni akina nani walioruhusiwa kuingia wakati huo, na ni akina nani waliobaki nje?

(c) Kazi ilibadilika lini, na ni nini kilichoibadilisha? Je, ni reli, barabara, sheria, Uhuru, au bei ya ardhi?

(d) Kazi ya leo inakubaliana na umbo lake? Kama limefungwa, ungelipa kazi gani?

Uliza wazee kwa adabu. Mwamkie mzee kwanza, mweleze umetumwa na chama cha shule, na usimkatize anaposimulia. Ukiandika, kumbuka kiambishi -ka-, kwa maana ndicho kinachofaa masimulizi ya matukio yanayofuatana: jumba lilijengwa, likawa ghala, likageuzwa afisi, likanunuliwa na benki. Sentensi moja kama hiyo inaweza kubeba miaka sitini.

Msamiati wa kukusaidia: baraza ni sehemu ya mbele iliyoezekwa ambapo watu hukaa au kupita, bohari ni ghala kubwa, waraka ni karatasi rasmi yenye habari, na wingi wake ni nyaraka, turathi ni vitu vyenye thamani tulivyorithi kwa waliotutangulia.

HITIMISHO

Usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu ni haya majengo yenye baraza zilizochakaa. Si lazima yote yabaki, na si lazima yabaki kama yalivyokuwa. Linalohitajika ni kuuliza kwanza kama kuna kazi nyingine yanayoweza kufanya, kabla tingatinga halijafika.

Na siku utakayokuwa Nairobi ukimngoja mwenzako pale Archives, usisimame nje tu ukihesabu matatu. Panda ngazi, lipa kiingilio, uingie. Babu zetu hawakuwa na akaunti katika jumba lile. Sisi tunayo: habari zao zimewekwa humo kwa jina letu, na akiba haiozi.

Kiswahili kitukuzwe!